Beji ya Ambokile

Tabitha ndiye aliyenitambua. Basi letu lilikuwa limeharibika Ruaha Mbuyuni, nasi abiria tulikuwa tumeshuka tukizurura kati ya mafungu ya vitunguu na matenga ya nyanya. Mwanamke mmoja mnene aliyeketi juu ya gunia alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Karani! Bado unahamahama tu?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniita Karani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwacha akiwa msichana mwembamba anayebeba kuni kichwani huku akiimba nyimbo za kanisani, na sasa mbele yangu palikuwa na mama mwenye mvi pembezoni mwa kitambaa. Tuliulizana habari za hawa na wale, kisha akaniambia kwamba baba yake, Sajini, walimzika masika yaliyopita kule Kihesa. Nikampa pole. Akanifungia vitunguu kwenye kipande cha gazeti, akakataa malipo, dereva akapiga honi, na nikapanda. Tangu siku hiyo nimelala Mafinga, nimelala Makambako, nimelala Mbeya, kila mahali katika chumba cha kupanga kama ilivyo desturi yangu, na kila mahali, jua linapozama, nimejikuta nikinyamaza na kusikiliza ukuta.

Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala nililelewaje. Inatosha kusema kwamba katikati ya miaka ya hamsini nilitoka Mbeya na cheti changu cha darasa la kumi, nikapata kazi ya ukarani katika ghala la pareto mjini Iringa, na nikapanga chumba nyumbani kwa Sajini, mtaani Kihesa. Yeye alikuwa Mhehe, mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyerudi kutoka vita vya Bama, kule walikopigana na Mjapani, na kofia, blanketi, na tabia ya kunyoa ndevu kila alfajiri hata kama maji yalikuwa ya barafu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi. Ukuta uliotenga chumba changu na sebule haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo moshi, harufu ya maharage na maneno yote ya nyumba ile vilinifikia kitandani bila hodi. Nilijua Mama Tabitha alipokuwa amekasirika kwa namna alivyosonga ugali. Nilijua Sajini alipokuwa amekunywa ulanzi kwa sababu aliwasalimu kuku.

Ukutani sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya Yesu au kalenda ya duka, palikuwa na ubao mrefu wa mti wa podo uliovikwa kipande cha blanketi la jeshi. Juu yake, kwa misumari midogo, zilitundikwa nyota za shaba, nishani za mviringo zenye kichwa cha Mfalme wa Uingereza, beji za kofia zenye umbo la baragumu, vifungo vya shaba, na tepe za vyeo zilizopauka. Siku ya kwanza nilidhani zote ni zake, nikamwambia, "Afande, kumbe ulikuwa shujaa mkubwa." Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa ndugu. "Zangu ni hizi mbili za pembeni," akasema. "Sajini husimama pembeni. Hawa wengine ni watu." Kisha akanionyesha, kwa kidole kisichogusa, jinsi walivyokuwa wamesimama siku walipopanda meli: mstari wa mbele, mstari wa nyuma, nani alikuwa jirani ya nani. Hakuzipanga kwa ukubwa wala kwa uzuri. Alizipanga kwa mabega.

Alikuwa akizikusanya tangu vita viishe, na mwaka ule nilimsindikiza mara kadhaa, Jumapili baada ya ibada, kwa miguu au kwenye malori ya mbao. Nilitarajia tungekuta wajane wanaolinda nishani za waume zao kwa wivu, na kwamba tungefukuzwa. Haikuwa hivyo. Katika vilima vya Mufindi mwanamke mmoja alipotuona tu, kabla hata ya kujibu salamu yetu ya "kamwene", aliinama na kuchimba kando ya mafiga, akatoa nyota iliyofungwa kwenye kitambaa, akampa Sajini kwa mikono miwili. "Ichukue, baba," akasema. "Nilipoiweka juu iliita. Nilipoizika ikaendelea kuita, ila taratibu." Mwingine alikuwa amempelekea mhunzi nishani ya kaka yake ili afue hereni, akazivaa siku moja tu. Sajini alizipokea zile hereni, na nyumbani alizitundika pamoja kwenye msumari mmoja, katika mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Watu waliokuwa wanaogopa chuma cha marehemu walimpa yeye akiogope kwa niaba yao. Kilabuni walimtania: "Afande, leo umewalisha maiti wako?" Naye alijibu kwa upole, "Wameshiba. Wanakusalimu wewe mwenye njaa." Mama Tabitha hakuona mzaha wowote katika jambo hilo. "Wanaume wenzake wanafuga mbuzi," alinilalamikia siku moja akichambua majani ya maboga. "Huyu wangu anafuga wafu. Na mbuzi angalau unachinja."

Kila Jumamosi alizishusha zote na kuzisugua kwa majivu na limau, na kila jioni, jua likigusa vilima, alisimama mbele ya ubao na kuita majina. Hakupaza sauti. Aliita jina moja, akangoja kwa muda ambao mtu angehitaji kuitika, kisha akaita linalofuata. Mimi nikiwa kitandani upande wa pili wa ukuta, baada ya wiki chache nilikuwa siyasikii majina tena, nasikia kule kungoja. Kulikuwa na jina moja, Ambokile, ambalo baada yake alingoja zaidi. Jikoni Mama Tabitha aliacha kusonga. Kuku waliacha kukwaruza, au ndivyo nilivyosikia mimi. Mara moja au mbili midomo yangu ilifunguka yenyewe, kana kwamba ni mimi niliyeitwa na ni utovu wa adabu kutoitika. Jina lile lilikuwa la kwetu, la Kinyakyusa. Nadhani ndiyo sababu lilinipata zaidi.

Kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri, Sajini aliniomba niandike majina. Nilikata vibao vidogo, nikaandika kila jina kwa rangi nyeupe, tukavipigilia chini ya misumari. Nilijivunia kazi ile. Lakini ukuta wenye majina ni kitu tofauti na ukuta wenye shaba, kwa sababu wapita njia wanaojua kusoma husoma. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu Rungwe, alikuja kunywa maji, akasoma, akauliza, "Huyu Ambokile ni yule wa kwa Bibi Tuntufye?" Sajini akasema hajui bibi yeyote. Dereva akashukuru kwa maji na kwenda zake. Usiku ule kupitia juu ya ukuta nilimsikia Mama Tabitha akisema, "Mbona umemdanganya mtoto wa watu?" 

Bibi Tuntufye alifika wakati wa baridi, ule wakati ambao upepo wa Iringa unapita katikati ya mifupa. Alishuka kwenye basi akiwa na mkungu wa ndizi kichwani na jembe jipya lisilo na mpini mkononi, akaulizia nyumba ya askari mwenye watu ukutani, na watoto wa Kihesa wakamleta wakimfuata kwa mstari. Alikuwa mdogo, mkavu, aliyenyooka. Hakujua Kihehe, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo nilipomsalimu kwa lugha yetu, "Ugonile, bibi," alinishika mkono na hakuuachia mpaka jioni. Hakusema alichokuja kutafuta. Alimenya ndizi, akawapikia wenyeji wake mbalaga yenye maharage. Mama Tabitha, ambaye hakuwahi kusifia mapishi ya mtu, aliomba aongezewe. Wanawake wale wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, na bado walicheka jikoni kwa pamoja. Lakini sebuleni Bibi Tuntufye hakukubali kiti. Aliketi sakafuni chini ya ubao, mgongo ukutani, chini ya kile kibao nilichokiandika mimi, na jioni ile Sajini hakuita majina. Ilikuwa jioni ya kwanza tangu nihamie pale.

Siku iliyofuata alisema. Nilikuwa katikati yao nikitafsiri. Alisema kwamba wakati wa vita mtu wa serikali alikwenda kijijini akawaambia Ambokile amepotea. Hakusema amekufa, alisema amepotea, kama ng'ombe. Kwa hiyo hawakumlilia. Kwetu mama aliyefiwa hujifunga mkanda wa gome tumboni, mahali mtoto alipokaa, ili uchungu usimpasue. Yeye hakujifunga. Mke wa Ambokile alikuwa bado anakaa hapo nyumbani, si mjane wala si mke, na nywele zimeanza kubadilika rangi. Hakuna mtoto wa ukoo aliyeweza kupewa jina lile. "Mimi nimezeeka," akasema. "Nikifa kabla yake, nani atamlaza? Nipe hicho chuma chake. Nitakizika, naye atakuwa amelala."

Sajini alitazama mikono yake. "Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, "kijana wake alikufa mara moja. Risasi. Hakuumia." Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, "Ndaga, ndaga." Kisha akanyoosha kiganja. "Mwambie pia," akasema Sajini, "kwamba siwezi kuitoa."

Bibi Tuntufye hakukasirika. Alishusha kiganja, akaketi tena pale chini. Alikaa siku ile, na siku nyingine, na siku nyingine. Alichota maji na Tabitha, alipalilia bustani ya Mama Tabitha kwa jembe lake alilolitia mpini wa kuazima, alirudi akaketi chini ya beji. Majirani walianza kuja kuangalia. Mmoja alisema mlangoni kwa sauti ya kusikika, "Afande, Mjapani hakukuweza, ila bibi wa ndizi amekuzingira." Sajini hakucheka. Alikuwa ameacha kunyoa. Usiku nilimsikia mkewe: "Baba Tabitha, kile ni kipande cha bati. Mpe mama mtoto wake." Naye akajibu, "Hujui unachoniomba." "Basi niambie."  Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na nilidhani ninaelewa: nilidhani mzee anapenda mkusanyiko wake, anaogopa tundu katika mstari. Nilimdharau kidogo. Leo hii, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati huo, najua mtu anaweza kung'ang'ania kitu kidogo hivyo kwa sababu isiyo na uhusiano wowote na kukipenda.

Jumapili, baada ya ibada, tukiwa wote sebuleni na chai, Bibi Tuntufye alinigeukia. "Mwulize baba huyu jambo moja," akasema. "Kama mwanangu alikufa pale pale, mbele yake, kwa nini anakataa nisimzike?"

Nililitafsiri neno kwa neno. Sajini aliweka kikombe chini, kikagonga meza, chai ikamwagika, na hakuna aliyeifuta. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha jeshini, kifupi kifupi, akinipa nafasi baada ya kila sentensi, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Ilikuwa mvua. Tulikuwa tunapanda kilima. Wakatupiga kutoka juu. Ambokile akapigwa hapa." Akajiwekea mkono chini ya kitovu, upande wa nyonga. "Amri ikaja turudi ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimembeba mtu mwingine tayari. Nikamlaza Ambokile chini ya mti, nikamwachia chupa yangu ya maji. Alikuwa mzima. Mwambie hivyo. Alikuwa anaongea."

Sikuweza. Nilimtazama Mama Tabitha, naye akaniashiria kwa kidevu niendelee. Nikamwambia mama yule, kwa lugha yake, kwamba mwanawe aliachwa akiwa anaongea. Uso wake haukubadilika. Alisogeza tu miguu.

"Nikamvua beji kofiani," Sajini akaendelea. "Nikamwambia hii ni rehani, nakuja kukurudishia mwenyewe. Akacheka. Akasema, 'Usiipoteze, Afande, utanitia matatani na mtu wa stoo.' Tuliporudi tulikuta mti. Tulikuta chupa. Yeye hatukumkuta. Si yeye, si damu, mvua ilikuwa imeosha. Wakaniuliza niandike nini, nikasema amepotea. Sasa huyu mama anataka nimpe beji akazike. Beji nimeivua kwa mtu aliye hai. Nikiitia kaburini, nimemzika nani? Wale wengine nikiwaita najua hawataitika. Yeye sijui."

Nilipomaliza kutafsiri, walisikika mende kwenye paa. Nilikuwa nimezoea kule kungoja kwake kupitia ukutani. Sasa nilikuwa nimeketi ndani yake.

"Chupa," Bibi Tuntufye akauliza, "ilikuwa na maji?"

"Ilikuwa tupu."

"Imemwagika?"

"Hapana. Ilikuwa imefungwa kizibo. Imesimamishwa."

"Basi alikunywa," akasema. Akakaa na neno hilo kwa muda mrefu, kama anayeonja chumvi ya mboga. "Alikunywa, akafunga, akaisimamisha. Ndivyo nilivyomfundisha." Kisha akaweka mkono wake pale pale Sajini alipokuwa ameweka wake, chini ya kitovu. "Mtu aliyepigwa hapa hatembei. Mimi nimezaa, najua hapa. Mwanangu alikufa. Wewe usiseme, baba, si kazi yako kusema. Nasema mimi niliyemleta." Akasimama, akafungua kanga ya mabegani, akaikunja nyembamba, akajifunga tumboni kwa nguvu, fundo juu ya fundo, na Mama Tabitha akapiga yowe la kwanza la msiba ule, kwa Kihehe, kwa ajili ya mtu ambaye hakumwona kamwe.

Sajini alikwenda ukutani. Alitoa beji, akamnyooshea Bibi Tuntufye. Yeye akaficha mikono nyuma. "Uliahidi kumrudishia mwenyewe," akasema. "Mlete."

Tulisafiri watatu, mimi nikiwa nimeomba ruhusa ghalani kwa sababu ya msiba, na haukuwa uongo. Sajini alivaa kofia yake ya vita. Njia nzima, katika baridi ya Mafinga na vumbi la tambarare za Usangu, alikuwa amefumba ngumi ya kulia juu ya goti na hakula chochote, maana mkono wa kulia ndio wa kulia. Mbeya tulilala kwa jamaa zangu, wakashangaa mgeni anayepokea chai kwa mkono wa kushoto. Nilimwelezea baba yangu mdogo, naye akasimama kumpisha kiti.

Kijijini walikuwa wamekwisha kusikia, sijui kwa njia gani. Wanawake walikuwa wamejifunga matumbo. Mke wa Ambokile alikuwa ndani, amelala kifudifudi, na wenzake wamemzunguka. Mwinjilisti, kijana mwenye tai, alisema kwa heshima kwamba hana sala ya kuzikia bati. Bibi Tuntufye akamwambia, "Basi niombee mimi," na hilo akaliweza. Kisha wanaume wakachukua majembe na kwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake Ambokile, mahali alipopangiwa, na hapo wakasimama. Kaburi lilipaswa kuwa la mtu mzima. Hakuna aliyetaka kumchimbia Ambokile shimo la mtoto au la kuku. Lakini awe na urefu gani? Kaka yake mkubwa alisema alikuwa anamfika kifuani. Mwingine akasema, hapana, hapo ni kabla hajaondoka, jeshini wanakula nyama, lazima alirefuka. Wakabishana kwa sauti za chini. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba hakuna hata mmoja pale aliyemwona Ambokile akiwa mwanaume kamili. Walimtoa akiwa kijana, na huyo kijana ndiye waliyekuwa wakimngoja.

Bibi Tuntufye akamgeukia Sajini, nami nikatafsiri, ingawa nadhani alikuwa ameelewa. "Wewe ulisimama naye. Tuonyeshe."

Sajini alivua kofia, akampa mmoja wa wale kaka. Alipiga magoti, kisha akalala chali kwenye majani mabichi kati ya migomba, miguu pamoja, mikono ubavuni, ile ngumi bado imefumbwa. Akasogea kidogo ili bega lake lilingane na kijiti kilichokuwa chini, akageuza macho kushoto kama askari anayejipanga na mwenzake. "Mimi naishia hapa," akasema. "Yeye alikuwa ananizidi kichwa kizima. Mpaka pale." Kaka mkubwa akachomeka fimbo pale. Akachomeka nyingine miguuni. Kisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia ainuke, na kwa sababu wanaume wale walikuwa wanaogopa na walitaka kazi ianze, mmoja alipiga jembe kandokando ya bega lake, majani yakakatika, akapiga la pili kandokando ya nyonga, na mstari wa udongo mweusi ukaanza kumzunguka. Sajini hakufumba macho. Alikuwa akitazama juu, kwenye majani ya migomba, na nilimwona akivuta pumzi na kuiachia, taratibu, kama mtu aliyefika.

Bibi Tuntufye aliinama, akamfungua vidole kimoja kimoja, akatoa beji. Kwenye kiganja baragumu lilikuwa limejichora, jekundu, lote.

"Inuka sasa, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hapo si pako."